Binti Akidhulumiwa Chuoni, Amwendee Nani?



Kila mwaka, minada ya korosho inapoanza na fedha zinapoanza kuingia mikononi mwa wakulima, hapa Kitaya huonekana jambo ambalo babu zetu hawakulijua. Alfajiri, kabla jua halijachomoza, baba hutoka nyumbani na sanduku la bati, mama akimfuata na godoro lililofungwa kamba, na katikati yao hutembea binti aliyefaulu. Wanangoja gari la Mtwara Mjini. Mmoja anakwenda chuo cha ualimu, mwingine uuguzi, mwingine VETA, na aliyejaliwa zaidi atapita Mtwara na kuendelea hadi Dar es Salaam, Dodoma au Mwanza. Mpunga wa bonde la Ruvuma umeuzwa kwa ajili yake. Korosho zimeuzwa, na pengine baiskeli ya baba nayo imeuzwa. Majirani, Wakristo kwa Waislamu, wamekuja usiku uliotangulia kumuaga, kwa maana binti huyo ni wa kijiji kizima.

Wazazi wengine hutuletea barua ya kujiunga na chuo ili tuwasaidie kuisoma. Tumezisoma nyingi kwa miaka kadhaa sasa. Zinaeleza habari ya ada na akaunti ya benki. Zinataja rimu ya karatasi, ndoo, shuka mbili, fyekeo. Zinaeleza kwa urefu sketi iwe imeshuka kiasi gani chini ya goti, nywele zisukwe namna gani, na mlango wa bweni utafungwa saa ngapi. Hatujapata kuona katika barua hizo mstari hata mmoja unaomwambia binti huyo ya kwamba, ikiwa mkufunzi atamtaka kimwili kwa ajili ya maksi, au mwanafunzi mwenzake atamwingilia kwa nguvu, yuko mtu fulani, katika chumba fulani, mwenye wajibu wa kumpokea na kumsikiliza. Yeye ameelezwa wajibu wake wote. Wajibu wa chuo kwake haukuandikwa.

Jambo hili ndilo tunalotaka kulisemea katika toleo hili. Tunajua ya kwamba wapo watakaoguna: Je, Tume ya Haki na Amani haina mambo ya ardhi, ya bei ya korosho, ya usalama wa mpaka, hata ishughulike na mambo ya siri ya mabweni? Tunawajibu ya kwamba haki haina chumba inachokatazwa kuingia. Zaidi ya hayo, mwenye kuguna na ajiulize kwanza kama yeye mwenyewe, akipigiwa simu usiku wa leo na bintiye analia, angejua amwambie aende wapi.

Historia ya neno hili katika nchi yetu ina jina la mtu, na jina hilo ni Levina Mukasa. Wengi wetu tunaoandika kijarida hiki tulikuwa bado watoto Februari 1990, wakati binti huyo, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alipojiua baada ya kusumbuliwa na kudhalilishwa na wanafunzi wanaume. Pale Mlimani ulikuwapo mtindo wa miaka mingi wa maandishi na michoro ya ukutani iliyotolewa kwa jina la Mzee Punch. Hakuna aliyejulikana kuwa mwandishi, na wote walisoma. Msichana aliyemkataa mwanamume, au aliyedhaniwa ana majivuno, aliandikwa ukutani kwa maneno ya aibu, na wenzake wakaogopa hata kuketi naye mezani, wasije nao wakaandikwa. Wako waliouita mtindo huo utani wa wasomi. Baada ya kifo cha Levina, wanawake wa chuo na waandishi wa habari wa TAMWA, chama kilichoanzishwa mwaka 1987, walikataa neno hilo utani, wakapaza sauti hadi taifa zima likasikia. Mzee Punch akapigwa marufuku.

Mwaka uliofuata, tarehe 13 Julai 1991, jirani zetu wa Kenya walipatwa na msiba ambao sisi Wakatoliki hatuwezi kuupita haraka, kwa kuwa shule yenyewe ilibeba jina la mtakatifu wetu shahidi wa Uganda. Katika Shule ya Sekondari ya Mtakatifu Kizito, huko Meru, wavulana walivamia bweni la wasichana usiku. Wasichana 19 walikufa na 71 walibakwa. Iliyotisha baadaye zaidi ya takwimu hizo ni maelezo ya baadhi ya wakubwa wa shule, walionukuliwa na magazeti wakisema kwa maana ya kwamba wavulana hawakukusudia kuua, walitaka kubaka tu. Hilo neno "tu" ndilo linalotupa kazi hadi leo. Tumelisikia katika mabaraza ya wazee, tumelisikia katika ofisi za walimu, na kwa haya tunakiri kwamba tumelisikia hata barazani pa nyumba zetu za mapadre.

Miaka minane baada ya kifo cha Levina, Bunge letu lilitunga Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998. Watu wengi wa vijijini wanaijua kwa jina moja tu: miaka thelathini. Ni kweli, kubaka kuna adhabu isiyopungua kifungo cha miaka thelathini. Lakini ndani yake mna mambo mengine ambayo hayakufika Kitaya, wala, kwa tulivyoona, hayakufika mabwenini. Sheria ilisema ya kwamba si lazima mwanamke awe na majeraha mwilini ndipo ionekane kwamba hakukubali. Ilimtaja waziwazi mtu mwenye mamlaka anayetumia cheo chake kumbaka aliye chini yake. Ilibadili pia sheria ya ushahidi, hata mahakama iweze kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa aliyedhulumiwa peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli na ikaandika sababu za kuridhika huko. Ikafanya unyanyasaji wa kijinsia, yaani maneno, ishara na kumtakataka mtu asiyetaka, kuwa kosa la jinai ambalo mwenye kulitenda aliweza kufungwa hadi miaka mitano au kutozwa faini isiyozidi shilingi 200,000, au vyote viwili. Faini hiyo, tunathubutu kusema, imekuwa kichekesho: leo ni kodi ya miezi michache ya chumba cha mwanafunzi mjini.

Hapa pana mkanganyiko ambao hatuna budi kuuondoa. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa ili anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au ya sekondari afungwe miaka thelathini. Wazazi wetu wanaijua sana hiyo, kwa sababu ilihubiriwa kila mahali. Kwa hiyo wanadhani ya kwamba neno "mwanafunzi" linamkinga binti popote aendapo na daftari. Sivyo. Mwanafunzi wa chuo aliyetimiza miaka kumi na minane, mbele ya sheria, ni mtu mzima. Mhadhiri akifuatana naye, swali la kwanza litakuwa kama alikubali. Na ni nani atakayeweza kupima kukubali kwa mtu ambaye tasnifu yake imo mikononi mwa yule yule anayemtaka?

Kwa ajili ya hali hiyo hasa, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, katika kifungu chake cha 25, ilimfanya kuwa mkosaji mtu yeyote mwenye mamlaka anayedai ngono kama sharti la kutoa ajira, cheo, haki au upendeleo. Adhabu iliyowekwa ni faini isiyozidi shilingi milioni tano, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote pamoja. Tangu hapo tumekuwa na jina: rushwa ya ngono. TAKUKURU imepata kuwafikisha wahadhiri mahakamani kwa jina hilo. Tunalishukuru jina kwa kuwa limefanya jambo lizungumzike hadharani. Lakini tuna neno nalo. Rushwa, katika masikio ya watu wetu, ina mtoaji na mpokeaji, na wote wawili ni wachafu. Kwa hiyo binti akijitokeza kusema amedaiwa mwili wake, jirani humwuliza: na wewe ulitoa? Kumbe sheria yenyewe ilimlenga anayedai. Anayedaiwa ameporwa, kama mkulima anayesimamishwa njiani na gunia lake la mpunga. Hatusemi ya kwamba mkulima huyo ametoa hongo.

Mwezi Novemba 2018, Rais alipofika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuzindua maktaba mpya, mhadhiri mmoja wa chuo hicho, Dakta Vicensia Shule, aliandika hadharani katika mtandao ya kwamba rushwa ya ngono imekithiri chuoni, na kwamba alitamani kumweleza Rais jambo hilo. Likawa gumzo la nchi. Mwandishi wa maneno hayo akaitwa mbele ya chombo cha maadili cha chuo. Hatuna nafasi ya kuhukumu yaliyosemwa humo. Twaona tu mafunzo ambayo msichana wa mwaka wa kwanza, mtoto wa mkulima, angeyachukua: ikiwa mwalimu mwenye shahada ya uzamivu huitwa kujieleza anaposema, mimi nitakuwa nani? Baadaye TAKUKURU ilifanya utafiti juu ya tatizo hili katika vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma, na mazungumzo yakaendelea. Hata nje ya nchi jambo likawa wazi: Oktoba 2019 shirika la utangazaji la BBC lilionyesha filamu ya wahadhiri wa Nigeria na Ghana walionaswa wakiwataka wanafunzi. Wasomaji wetu wenye simu kubwa waliitazama. Wengi walisema, hayo ni ya huko Magharibi.

Mwaka 2021 Serikali ilitoa mwongozo wa kuanzisha madawati ya jinsia katika vyuo vya elimu ya juu na vya kati. Ni hatua njema, na tunaisifu bila kinyongo. Dawati la chuo linatakiwa kupokea malalamiko, kutunza siri, kumwongoza aliyedhulumiwa kwenda polisi na hospitali, na kuwaelimisha wanajumuiya wa chuo. Vyuo vingi vimekwisha kuliunda. Vyuo vikubwa vina pia sera zao dhidi ya unyanyasaji wa kijinsia, zilizochapishwa kwa karatasi nzuri.

Basi wakati wa likizo iliyopita tuliketi na vijana wetu wa vyuo mbalimbali, wasichana kwa wavulana, chini ya mwembe. Tukawauliza swali moja jepesi: dawati la jinsia la chuo chenu liko wapi, na nani ni mhusika? Walitazamana. Kijana mmoja alisema amewahi kuona bango karibu na ofisi ya mhasibu, lakini lilikuwa la Kiingereza na juu yake pamebandikwa tangazo la mechi. Binti mmoja alijua vema. Tulipomwuliza amejuaje, akasema yeye mwenyewe ni mjumbe wa dawati. Je, umepokea malalamiko mangapi? Akainamisha macho, akasema kwamba huwa wanafika mlangoni, wakikuta mtu mwingine yupo wanauliza saa ngapi na kuondoka.

Tunaomba wakuu wa vyuo waelewe ya kwamba hatuwashambulii. Twajua wako wanaojitahidi. Lakini sera isiyojulikana na yule inayemlinda ni sawa na mtumbwi uliofichwa vichakani wakati maji ya Ruvuma yanafurika: upo, lakini haumvushi mtu. Tena imeandikwa kwa lugha ya wanasheria, Kiingereza cha kurasa arobaini. Binti aliyetetemeka usiku kucha hataanza kutafuta maana ya maneno katika kamusi.

Watu wa Kitaya tuna mfano wetu wenyewe. Oktoba 2020 wavamizi walivuka mto kutoka ng'ambo, wakaua ndugu zetu na kuchoma nyumba. Hatutasimulia tena, kila mmoja anayo yake. Tangu siku hizo hata mtoto wa darasa la tatu anajua kwamba akiona mgeni asiyefahamika amwambie nani: kwanza wazazi, kisha balozi, kisha mwenyekiti wa kitongoji, kisha polisi. Hakujifunza hayo kwa sera. Aliambiwa, akaambiwa tena, akaonyeshwa nyumba ya mwenyekiti kwa kidole. Kumbe inawezekana kumfundisha kila mtu njia ya kutoa taarifa, jamii ikiona hatari ni ya kweli.

Kwa nini basi hawasemi hata wale wanaojua? Tumesikiliza sababu nyingi, na hatuzidharau hata moja. Maksi hutolewa na mtu mmoja, gizani, na kuna karatasi zinazopotea. Anayefeli hupata kile wanachokiita "sapu", na akifeli tena hufukuzwa, na mkopo wa Bodi hukatika, na korosho za baba zimekwenda bure. Anayemtaka ni rafiki wa yule anayepokea malalamiko. Jioni wanakunywa chai meza moja. Wanafunzi wenzake watasema alijipendekeza. Yule wa mafunzo kwa vitendo yuko katika hali mbaya zaidi: amepelekwa shule ya kijiji cha mbali kwa wiki kadhaa, amepangiwa chumba katika nyumba ya mtu, na anayemsumbua si mkufunzi wake bali ni mwenyeji wake. Chuo husema hayo yametokea nje ya chuo. Shule husema huyo si mtumishi wetu.

Kisha kuna nyumbani. Hapa tunataka kusema polepole. Tunamjua binti mmoja wa upande huu wa Ruvuma ambaye alirudi kutoka chuoni kabla ya muda wake. Hatutamtaja yeye wala chuo chake. Alisema ameshindwa masomo. Baba yake hakumsemesha kwa miezi mingi, na kisimani walisema ana mimba, na ilipoonekana kwamba hana, wakasema ameitoa. Alikaa hivyo akilima mpunga wa mamaye. Mwaka wa pili ndipo alipomwambia mwanamke mmoja wa WAWATA, wakati wakipepeta, ya kwamba alikataa kwenda nyumbani kwa mtu fulani kuchukua karatasi yake ya mtihani. Alipokwenda kwa mara ya tatu kwa sababu hakuwa na namna, mlango ulifungwa kwa ndani. Hakumwambia mtu. Hakujua kwamba palikuwa na mtu wa kuambiwa. Na alipoulizwa kwa nini hakumwambia baba, alijibu: baba angeuliza kwanza nilikwenda kufanya nini.

Wazazi wenzetu, tukubali ya kwamba angeuliza hivyo. Sisi nasi tungeuliza.

Wako wanaolaumu unyago kwa ukimya huu, wakisema makungwi huwafundisha wasichana kutii na kuficha. Hatukubaliani nao kabisa, wala hatuwapingi kabisa. Unyago wa Wamakonde na Wamakua umemfundisha mwali heshima, usafi, na namna ya kuutunza mwili wake, na kulikuwako somo, yule mama wa pekee ambaye mwali aliweza kumwambia lolote maisha yake yote. Hilo ni jambo kubwa. Vyuo vingefanya vema kuliiga. Lakini ni kweli pia kwamba mwali huambiwa asimkatalie mkubwa. Mkufunzi naye, akifika darasani na tai yake, huvaa ukubwa huo ambao hakupewa na ukoo wowote. Tumezungumza na makungwi kadhaa, nao, kwa busara zao, wametuambia ya kwamba wanaweza kuongeza neno moja katika mafundisho yao: mkubwa anayekuomba jambo la kujificha si mkubwa wako.

Neno jingine tunalosikia ni hofu ya kusingiziwa. Wanaume husema: mwanafunzi aliyefeli atalipiza kisasi kwa kumzushia mwalimu. Haiwezekani kusema kwamba jambo hilo halijatokea kamwe duniani. Maandiko yenyewe katika kitabu cha Danieli yana kisa cha Suzana, na wengi hukitaja kama kisa cha kusingiziwa. Lakini na tukisome vizuri. Wazee wawili wenye mamlaka ya kuhukumu walimtaka mwanamke, wakamtishia kwamba akikataa watamshtaki wao, na alipopiga kelele kusanyiko liliwaamini wao kwa sababu ya vyeo vyao. Aliyesingiziwa ni mwanamke, na waliosingizia ni waheshimiwa. Na kilichomwokoa kilikuwa uchunguzi: kijana Danieli aliwatenga wale wazee, akamhoji kila mmoja peke yake, na uongo ukajitokeza. Mwalimu asiye na kosa hana la kuogopa kutoka kwa uchunguzi wa namna hiyo. Anayeumizwa na ukosefu wa utaratibu ni yeye pia, kwa kuwa mahali pasipo na njia ya haki, uvumi huchukua nafasi ya hukumu. Tunasema vivyo hivyo juu ya wavulana, kwa maana nao hudhulumiwa, na wao hawana hata neno la kulisemea.

Sasa twageukia nyumba yetu wenyewe. Kanisa lina vyuo, lina shule za uuguzi, lina hosteli. Hapa Mtwara tuna Stella Maris, na kule Ndanda watawa Wabenediktini wamefundisha vijana wa kusini kwa vizazi. Itakuwa unafiki kuvinyoshea vyuo vya Serikali kidole huku mlango wetu umefungwa. Baba Mtakatifu Fransisko, kwa barua yake ya mwaka 2019 iitwayo Vos estis lux mundi, aliyoithibitisha tena kwa marekebisho mwaka 2023, aliagiza kila jimbo liwe na chombo kinachofikiwa na watu wote cha kupokea taarifa za dhuluma hizi, akawawajibisha mapadre na watawa kutoa taarifa wanapojua, akakataza anayetoa taarifa asidhuriwe wala kulazimishwa kunyamaza. Agizo hilo halihusu watoto peke yao. Linamhusu pia mtu yeyote aliyelazimishwa kwa vitisho au kwa matumizi mabaya ya madaraka. Tujiulize, wasomaji, ni waamini wangapi katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo wanaolijua hilo. Ikiwa ni wachache, kosa ni letu sisi tuliopewa kulitangaza.

Hapa yafaa tuseme jambo ambalo wanafunzi wetu wa TMCS hutuuliza mara kwa mara. Anayetueleza dhuluma ndani ya kitubio, siri yake hufa nasi. Hatuwezi kuitumia kwa lolote, hata kwa kumsaidia. Kwa hiyo tunamwomba, akitaka msaada wetu wa kwenda polisi au kwa mkuu wa chuo, atuambie yale yale tena nje ya kitubio, ofisini, akiwa na mama au rafiki anayemwamini. Na kamwe asifikiri kwamba aliyetendewa ana dhambi ya kuungama kwa yale aliyotendewa. Tumewaona wakija wakilia kuomba msamaha kwa dhambi ya mtu mwingine.

Hebu tuseme yale ambayo barua ya chuo haikusema. Aliyebakwa asioge wala asifue nguo alizovaa. Azifunge katika karatasi au kanga safi, si katika mfuko wa plastiki, kwa sababu plastiki huozesha ushahidi. Afike hospitali mapema iwezekanavyo, na kabla ya saa 72 kupita, kwa maana dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hazifai kitu baada ya hapo. Polisi watampa fomu iitwayo PF3. Aombe Dawati la Jinsia na Watoto, ambako askari aliyefundishwa humsikiliza mahali pa faragha. Ikiwa hospitali iko karibu kuliko kituo cha polisi, aanze na hospitali. Fomu itafuata, afya haingoji fomu. Baadhi ya hospitali zina vituo vya mkono kwa mkono, ambapo daktari, polisi na mshauri hupatikana pamoja. Aliyedaiwa ngono kwa ajili ya maksi, hata kama bado hakuna kilichotendeka, anaweza kuwapigia TAKUKURU bure kwa namba 113. Aliye chini ya miaka kumi na minane, au anayejua habari za mtoto, apige 116. Ujumbe wa simu usifutwe, hata kama unachukiza kuusoma. Tarehe na saa ziandikwe katika daftari. Tangu mwaka 2015 tuna sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi, na tangu 2017 tuna sheria ya msaada wa kisheria kwa asiye na uwezo wa kumlipa wakili.

Na lisifanyike lile linaloitwa kumalizana. Tunajua linavyofanyika: wazee wa pande mbili huketi, mkosaji hutoa fedha, mjomba huchukua sehemu yake, na binti hukaa ndani akisikia bei yake ikitajwa. Kubaka si deni baina ya koo mbili, hata liweze kulipwa kwa mbuzi. Mzee anayeketi katika kikao hicho anaficha jinai.

Kwa wakuu wa vyuo tuna ombi dogo, lisilo na gharama. Ukurasa mmoja wa Kiswahili uambatishwe na barua ya kujiunga, ukiwa na jina la mhusika wa dawati, chumba chake, namba yake ya simu, na jina la mtu wa pili, mwanamke, wa kuendewa ikiwa analalamikiwa huyo wa kwanza. Mitihani isahihishwe kwa namba badala ya majina, na karatasi zisichukuliwe nyumbani kwa mwalimu, kwa sababu yoyote ile. Mwanafunzi anayekwenda mafunzo kwa vitendo apewe namba ya kupiga, na chuo kikiri kwa maandishi kwamba bado ni wake.

Kwa upande wetu tumeandika ukurasa wetu. Unaanza na namba hizo mbili, unafuatiwa na yale ya nguo na saa 72, na nyuma pameachwa nafasi ya kuandika jina la mhusika wa dawati la chuo, ambalo kila kijana tumemtaka alitafute juma lake la kwanza na kutupigia simu kutuambia. Nakala ziko kwa katekista na kwa mwenyekiti wa WAWATA. Shehe wa msikiti wa jirani naye ameomba nakala, akazipata. Mwaka huu mzazi anayeleta barua ya chuo tuisome, tutaisoma kama kawaida, kisha tutamwomba aketi kidogo pamoja na binti yake, na baba ndiye tutakayempa ukurasa huo ausome kwa sauti.